Mpini Usio na Jembe

Alikuja Jumatatu, jua halijakolea,
na kitu amekifunga kwenye khanga kuukuu kama kuku mgonjwa.
Akakifungua juu ya meza yangu, kati ya randa na makapi:
bomba la plastiki, limevunjika katikati,
sifongo yake imebambuka kwa jua la Isevya.
"Nataka mpini," akasema Bi Kalunde,
"mpini usio na jembe."

Mimi huuza mipini. Ya shoka, ya jembe, ya sululu,
yote najua inakokwenda: kwenye udongo au kwenye gogo.
Nikamuuliza, huu utalima nini?
"Pumzi," akajibu. "Na mkono huu."
Akaunyanyua wa kulia kwa msaada wa kushoto
kama mtu anayemwamsha mtoto wa jirani.

Ni mashine ya makasia. Mwanawe, Mlekwa,
aliituma kwa treni ya mizigo baada ya kile kiharusi.
Ipo barazani, ndefu kama kitanda cha mgeni,
katika mji usio na maji ya kuelesha hata kandambili,
ukiliacha bwawa la Igombe.
Unakaa, unavuta mnyororo, pangaboi linakupepea,
kiti kinateleza nyuma, kinarudi,
wala hutoki barazani.

Lakini yeye hutoka.
Kioo kidogo kinahesabu mita, naye huziandika ukutani kwa chaki,
akizigeuza vituo vya reli:
Usoke aliingia msimu wa uyoga,
Urambo alifika na homa,
Kaliua alilala siku tatu.
Kila kituo alikifikia kwa mgongo,
maana mpiga kasia hatazami aendako,
hutazama alikotoka kunavyopungua.

Plastiki ilikatika kabla ya Usinge,
katikati ya pori, mahali ambapo hata treni yenyewe
hupenda kuharibikia.
Mnyororo ukakimbilia ndani kama nyoka aliyeona fagio.
Bi Kalunde akaanguka chali, akacheka,
halafu hakucheka.

Mpini wa dukani, Mlekwa alisema kwenye simu,
ni bei ya mbuzi wawili na miezi mitatu ya kungoja.

Nikampima kwa uzi, bega hadi bega.
Nikachonga mninga, mwekundu, mzuri wa kupeleka posa;
nikautoboa katikati, ukapasuka.
Siku mbili sikupokea simu yake.
Ya tatu akaja na mchi.
"Huu siutwangii tena. Kata."

Nilisita. Mchi wa miaka thelathini,
kiuno chake kimelika mahali pa viganja,
kinang'aa kama kizingiti.
Nikakikata hicho kiuno,
na naapa, msumeno ulitoa harufu ya kisamvu.
Nikatoboa polepole kwa keekee ya mkono,
nikapitisha bolti yenye pete, niliyoipata kwa Kapela wa baiskeli.
Upande wa kulia nikauacha mnene:
kidole chake cha mwisho hakifungi,
nikakichongea pa kulala.

Husemwa aliyeshika mpini hakatiki,
hukatika aliyeshika makali.
Sijui. Huu hauna makali,
na siku ya kuujaribu nilimwona ameuma meno,
jasho linamtiririka hadi kwenye kiwiko,
nami nimesimama pale na msasa mkononi,
sina pa kuupitisha.

Jana nimepita kwake. Chaki imefika Nguruka.
Mnyororo unaitika *twa*, unanyamaza, *twa*,
kama vile kinu kimo humo ndani mahali.
Mti uliozoea kushushwa sasa unavutwa,
haujalalamika.

"Fundi," akaniita bila kugeuka,
"nikishuka Kigoma nikuletee migebuka wangapi?"
Nikamwambia sita. Wa moshi.
Akavuta. Akarudi. Akavuta.
"Sawa. Na Uvinza
nitapitia chumvi."